Namna ya Kufundisha Shambulio la Mashua Lililoshindwa Fort Sumter kwa Wanafunzi Wasioijua Bahari

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Septemba 1863, kiasi cha saa saba, mashua za makasia zipatazo 25 zilizobeba mabaharia na askari wa majini wapatao 400 wa upande wa Kaskazini ziliisogelea Fort Sumter, ngome ya matofali iliyokaa katikati ya mlango wa bandari ya Charleston, jimbo la South Carolina, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ngome hiyo ilikuwa imepigwa mizinga kwa majuma kadhaa hadi kuta zake zikawa vifusi, na kiongozi wa mashua hizo alikuwa ameambiwa kwamba humo ndani hatamkuta mtu isipokuwa walinzi wachache. Waliokuwemo walikuwa askari zaidi ya 300, wote wako macho, na kamanda wao alijua kwamba adui anakuja usiku uleule. Kwa muda usiozidi nusu saa shambulio lilikuwa limekwisha, washambuliaji zaidi ya 100 walikuwa mateka, na ndani ya ngome hakuwa amekufa hata mtu mmoja.

Tukio hili nimelifundisha kwa miaka kadhaa katika klabu ya historia ya kidato cha tatu hapa Iringa, na mwongozo huu nawaandikia walimu wenzangu wa nyanda za juu kusini, kuanzia Njombe hadi Mbeya na Songwe. Linahitaji vipindi vitatu vya klabu pamoja na vifaa ambavyo havinunuliwi: karai kubwa, udongo wa mfinyanzi, matofali mawili ya kuchoma, kiroba, nyundo, mabua ya mahindi, karatasi, na uwanja wa kutosha kupiga hatua hamsini hivi.

Kabla ya kueleza namna, niseme kosa nililolifanya mwaka wa kwanza, kwa sababu utaratibu wote unaofuata umetokana nalo. Nilianza na ukuta. Nilichora ngome ubaoni, nikachora mashua zikija, nikasimulia risasi na mabomu ya mkono, na wanafunzi walisikiliza kwa hamu kubwa. Nilipowauliza kwa nini washambuliaji walishindwa, karibu wote waliandika kwamba ngome ilikuwa imara na washambuliaji hawakuwa na ujasiri. Majibu yote mawili si sahihi, na mkosaji nilikuwa mimi niliyewaanzishia hadithi mahali inapomalizikia. Shambulio lile lilikuwa limekwisha kuharibika mchana wa tarehe 8, kabla mashua hata moja haijafunguliwa kamba, na liliharibikia katika barua na ishara zilizopitishwa kati ya viongozi wawili wa upande mmoja. Mwalimu akilishika jambo hilo tangu mwanzo, kila kitu kingine hukaa mahali pake.

Kipindi cha kwanza kifanyieni nje. Mwanafunzi mmoja asimame katikati ya uwanja, huyo ndiye Fort Sumter, na hatua moja ihesabiwe kuwa mita 100. Upande wa kusini, hatua 12 hivi kutoka kwake, simamisheni mwingine awe ncha ya Morris Island. Upande wa kaskazini mashariki, hatua 16 au 17, awepo wa Fort Moultrie katika Sullivan's Island. Upande wa magharibi, hatua kama 20, awepo wa Fort Johnson katika James Island. Mji wenyewe wa Charleston uko kaskazini magharibi, zaidi ya hatua 50, na mara nyingi mwanafunzi wa mji huishia nje ya uwanja kwenye migomba, jambo ambalo linasaidia, kwa kuwa wote huona kwa macho kwamba meli yoyote inayotaka kufika mjini lazima ipite kati ya wale waliosimama mlangoni.

Wakiwa bado wamesimama hivyo, wasimulieni mambo manne kwa ufupi. Kwanza, vita vile vilianzia hapo hapo: tarehe 12 Aprili 1861 majimbo ya Kusini, yaliyojitenga ili kuulinda utumwa, yaliipiga Fort Sumter ikiwa mikononi mwa serikali ya Muungano, yaani Kaskazini, na kesho yake ikasalimu amri. Kwa watu wa Kaskazini, kuirudisha ngome ile lilikuwa jambo la heshima kama lilivyokuwa la kijeshi. Pili, tarehe 7 Aprili 1863 manowari tisa za chuma ziliishambulia na kurudishwa nyuma, na moja yao, Keokuk, ikazama kesho yake karibu na Morris Island. Jina hilo liandikeni pembeni, mtalihitaji. Tatu, jeshi la nchi kavu la Kaskazini lilipigana majuma mengi kwa hasara kubwa kuiteka Morris Island, na watetezi wake wakaihama usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba. Nne, kuanzia tarehe 17 Agosti mizinga mikubwa iliyowekwa katika kisiwa hicho ilianza kuipiga Sumter bila kupumzika. Wanafunzi wa Iringa huishika tarehe hiyo ya nne bila shida, kwa sababu siku kama hiyo mwaka 1891 ndipo Wahehe walipokivamia kikosi cha Wajerumani kule Lugalo na kumwua kamanda wake, Emil von Zelewski. Hakuna uhusiano wowote kati ya matukio hayo mawili, lakini kumbukumbu hupenda mahali pa kutundika vitu, na mimi situpi msaada unaojileta wenyewe.

Sasa leteni matofali. Fort Sumter ilianza kujengwa mwaka 1829 juu ya kisiwa cha mawe yaliyomwagwa baharini, ikiwa na pande tano na kuta za matofali zenye kimo cha kama mita 15 na unene wa kama mita moja na nusu. Kuta hizo zilibuniwa kupambana na mizinga ya zamani yenye mtutu laini. Mizinga ya Jenerali Quincy Gillmore wa Kaskazini ilikuwa na mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu, nayo hulizungusha kombora liruke limenyooka na kupenya kama keekee badala ya kugonga na kudunda. Gillmore alikuwa mhandisi, na mwaka mmoja uliotangulia, Aprili 1862, alikuwa ameilazimisha Fort Pulaski, ngome nyingine ya matofali katika jimbo la Georgia, kusalimu amri kwa siku mbili tu kwa kutumia mizinga ya namna hiyo. Alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba Sumter ingefuata njia hiyohiyo.

Tofali la kwanza lisimamisheni wima juu ya jiwe na mwanafunzi alipige nyundo. Litapasuka kwa pigo la kwanza au la pili, na watu wa huku waliokulia karibu na tanuri za matofali hawashangai. Tofali la pili livunjwe vipande, vipande vitiwe katika kiroba pamoja na mchanga, kiroba kifungwe na kuwekwa juu ya jiwe lilelile, kisha mwanafunzi yuleyule apige tena. Nyundo itazama kwa sauti nzito ya "pu", kiroba kitabonyea kidogo, na basi. Mpeni apige mara kumi. Mwaka jana kijana mmoja alipiga hadi akatoka jasho, akasimama, akakitazama kiroba na kusema taratibu, "Mwalimu, kadiri ninavyokipiga ndivyo kinavyoshikamana." Hilo ndilo lililotokea Charleston. Ukuta uliosimama ulianguka, lakini ukuta ulioanguka, ukichanganyika na mchanga na marobota ya pamba, uligeuka kuwa kilima kilichomeza makombora. Mizinga ya ngome ilikuwa imenyamazishwa, kwa hiyo kutoka mbali palionekana kama gofu lililokufa. Kumbe chini ya vifusi palikuwa na mahandaki salama, na mwanzoni mwa Septemba wapiga mizinga walikuwa wameondolewa na kuletwa askari wa miguu wa Charleston chini ya Meja Stephen Elliott. Gofu lilikuwa limepata walinzi wa aina inayolifaa.

Hapa pana jambo ambalo nawasihi msilipite haraka. Vifusi vile havikujipanga vyenyewe. Kazi ya kubeba mchanga na kurundika matofali usiku, chini ya makombora, ilifanywa kwa sehemu kubwa na watumwa, watu weusi ambao hatima yao ndiyo iliyokuwa kiini cha vita. Mwanafunzi anayesoma habari za mizinga bila kujua mikono iliyojenga kinga yake amesoma nusu. Na awekewe kando ya hilo habari ya Robert Smalls, aliyekuwa mtumwa na mwongoza meli katika bandari hiyohiyo. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862 aliichukua meli Planter, akawapakia mkewe, watoto wake na wenzake, akavaa kofia ya nahodha, akapita mbele ya Fort Sumter akipiga honi kwa ishara sahihi, na walinzi wakamruhusu apite hadi alipozifikia meli za Kaskazini. Smalls alizijua ishara za wakubwa wake, na ishara zilimpatia uhuru. Lishikeni neno hilo la ishara, kwa maana ndilo linalotupeleka katika kipindi cha pili.

Kipindi cha pili kinahitaji vyumba vitatu vilivyo jirani, au kona tatu za darasa zilizotengwa kwa madawati. Chumba cha kwanza ni cha Jenerali Gillmore na jeshi la nchi kavu, walioko Morris Island. Chumba cha pili ni cha Admeri John Dahlgren, mkuu wa kikosi cha manowari, mtu aliyejipatia jina kwa kubuni mizinga ya meli na aliyeshika uongozi wa kikosi kile Julai 1863. Chumba cha tatu ni ngome. Kila chumba kiwe na wanafunzi watano hadi wanane. Chumba cha kwanza na cha pili wapeni alfabeti ya siri, rahisi tu, mfano kila herufi kuandikwa kwa namba, na waelezeni kwamba watawasiliana kwa barua zilizoandikwa kwa siri hiyo, kwa kuwa viongozi wale walipeana taarifa kwa ishara zilizoonekana kutoka mbali.

Chumba cha tatu wapeni kwa siri nakala ya alfabeti ileile. Waambieni kwamba imetoka katika Keokuk, ile manowari iliyozama mwezi Aprili, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: watu wa Charleston waliyafikia mabaki yake, wakakiopoa kitabu cha ishara, na tangu hapo waliweza kusoma maneno ambayo adui zao walidhani ni yao peke yao. Mbeba barua apite kila mara katika chumba cha tatu, barua inakiliwe kwa nusu dakika, kisha iendelee na safari. Vyumba viwili vya kwanza wasiambiwe chochote kuhusu hilo.

Kazi ya kila chumba kati ya hivyo viwili iandikwe katika karatasi. Ya Gillmore iseme: una askari na mashua chache, unataka kuishambulia ngome usiku huu. Ya Dahlgren iseme: una mabaharia wa kujitolea, unataka kuishambulia ngome usiku huu, lakini mashua hazikutoshi. Msiwaambie kwamba mwenzao ana mpango huohuo. Kisha wapeni dakika ishirini na mkae kimya kabisa. Ukimya wa mwalimu ndio unaolifanya zoezi lifundishe, na nakiri ni mgumu kuutunza.

Mambo huenda hivi karibu kila mwaka. Barua ya kwanza ya Dahlgren huomba mashua. Jibu la Gillmore husema haziwezekani, tunazihitaji wenyewe usiku huu. Hapo chumba cha pili hushtuka, huandika kwa haraka kwamba basi twende pamoja, na ndani ya barua mbili swali huwa limebadilika kutoka "tutaingiaje ngomeni" na kuwa "nani atakuwa mkubwa wa shughuli". Ninazo bado barua za mwaka juzi. Moja inasema: "Ngome iko baharini, na bahari ni yetu." Jibu lake: "Ngome tumeibomoa sisi, ninyi mtaingia mahali palipobomolewa na mizinga yetu." Binti aliyeandika jibu hilo hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja kuhusu Gillmore. Ndivyo ilivyokuwa mchana wa tarehe 8 Septemba 1863: Dahlgren alitafuta mashua, akagundua kwamba mwenzake naye anajiandaa kushambulia usiku huohuo, wakabishana ni afisa wa jeshi gani atakayeongoza kikosi cha pamoja, na hakuna aliyekubali watu wake wawe chini ya mwingine. Mwisho wa mabishano kila mmoja akabaki na mpango wake, na vikosi viwili vya serikali moja vikajiandaa kwenda mahali pamoja, usiku mmoja, bila amri moja.

Dakika ishirini zikiisha, wakusanyeni wote, na chumba cha tatu wasome kwa sauti barua zote walizonakili. Zoezi zima linategemea dakika hiyo. Darasa hunyamaza. Mwaka juzi mwanafunzi wa chumba cha kwanza aliuliza, "Sasa mwalimu, wao walikuwa wanashindana na nani?" Swali hilo liandikeni ubaoni, msilijibu. Ongezeni tu kwamba tarehe 7 Dahlgren alikuwa ametuma ujumbe kuitaka ngome isalimu amri, na Jenerali Beauregard, mkuu wa ulinzi wa Charleston, akajibu kwamba Dahlgren ataipata siku atakayoweza kuichukua na kuishika. Kwa hiyo watetezi walikuwa na sababu tatu za kukesha: wameombwa kusalimu amri, wamesoma ishara za adui, na wanaona vyombo vikikusanyika.

Kipindi cha tatu ni cha maji. Mwalimu wa pwani asingehitaji kukieleza, lakini watoto wetu wengi hawajaiona bahari, na hata waliotoka Kyela au waliokwenda Matema wanalijua Ziwa Nyasa, ambalo lina mawimbi makubwa ila halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho. Nilipouliza mara ya kwanza kupwa ni nini, nilijibiwa ni pale kiangazi kinapopunguza maji, kama bwawa la Mtera. Basi anzeni na hapo: waambieni kwamba baharini kiangazi hicho huja mara mbili kila siku. Maji hupanda kwa muda wa saa sita na ushee, kisha hushuka kwa muda kama huo, na saa zake husogea mbele karibu dakika 50 kila siku, kwa sababu yanaufuata mwezi. Katika bandari ya Charleston tofauti kati ya maji makuu na maji madogo ni kama mita moja na nusu kwa wastani. Kwenye ukuta wa mawe hiyo si kitu, lakini kwenye hori lenye tope, yaani mkono mwembamba wa bahari unaoingia nchi kavu, kimo hicho ndicho kinachoamua kama kuna njia au hakuna.

Katika karai tandazeni udongo wa mfinyanzi, upande mmoja uwe juu kidogo, na hapo chimbeni mfereji mwembamba wa kina cha vidole viwili, unaopinda mara moja au mbili kabla ya kutokea penye maji mengi. Mfereji huo ni hori lililo nyuma ya Morris Island, ambamo mashua za Gillmore zilipaswa kutokea. Tieni maji hadi mfereji ujae. Kateni mabua ya mahindi vipande vya urefu wa ukucha: vipande kumi viwekwe katika mfereji, vipande 25 vya Dahlgren viwekwe penye kina. Vipande vya mabua ni vyema kuliko karatasi kwa kuwa haviloani na kuzama kabla ya wakati.

Kisha somesheni barua za kipindi cha pili kwa mpangilio wake, na kwa kila barua inayosomwa mwanafunzi mmoja achote maji kikombe kimoja na kuyamwaga nje. Barua ya kwanza, kikombe. Ya pili, kikombe. Hakuna mtu anayehitaji kuelezwa anachokiona. Maji huteremka katika kingo za mfereji, udongo huanza kung'aa, kipande cha kwanza cha bua hugusa chini na kulala ubavu, cha pili hukwama nyuma yake, na kufikia barua ya sita mashua zote za Gillmore zimekaa topeni kama kuku waliolala, ilhali zile za Dahlgren zinaelea. Hili si mzaha wa darasani. Mashua za jeshi la nchi kavu zilichelewa kwa sababu ya maji kupwa katika hori, na zilipopata njia, milio ya bunduki ilikuwa imekwisha kuwajulisha kwamba wenzao wametangulia na wameshindwa, wakarudi. Saa zilizopotea katika kuulizana nani mkubwa hazikuwa saa tupu, kwa kuwa bahari ilikuwa ikishuka wakati wote huo.

Sehemu ya usiku ifanyieni uwanjani jioni jua likishazama, kama shule ni ya bweni. Wapangeni wanafunzi katika mistari minne, wameinama kama wapiga makasia. Mnong'onezeeni kiongozi wa mstari mmoja tu kwamba aende kushoto kimya kimya kuwadanganya watetezi. Mistari mingine waambieni wasubiri ishara, lakini msiwaeleze ishara yenyewe ni ipi. Mstari wa kwanza ukianza kusogea, subirini sekunde chache. Sijawahi kuona mistari mingine ikibaki mahali pake. Usiku ule Kamanda Thomas Stevens, aliyepewa uongozi wa mashua siku hiyohiyo, alikuwa amempeleka Luteni Higginson na kundi lake upande wa kaskazini magharibi wa ngome ili kuwavuta watetezi huko. Makundi mengine yalipoona mashua zinaondoka yalidhani ni amri ya kushambulia, yakaenda kasi kuelekea ukutani, na kutoka hapo hakuna aliyeweza kuwarudisha. Stevens ndiye aliyesimulia baadaye kwamba alieleza wasiwasi wake, na Dahlgren akamjibu kuwa hatakuta humo isipokuwa walinzi wachache.

Mwisho wa mashua hauhitaji maneno mengi. Elliott aliwaamuru watu wake wasifyatue risasi hadi mashua zifike karibu kabisa. Kisha bunduki zililia, fataki ikapaa juu kuzipa ishara ngome za jirani, na Fort Moultrie, Fort Johnson pamoja na manowari ya Kusini, Chicora, zikaanza kuyapiga maji yaliyoizunguka Sumter, kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kulenga mapema. Warudisheni wanafunzi wa kipindi cha kwanza katika nafasi zao na kila mmoja anyooshe mkono kuelekea katikati, ili waone jinsi mashua zilivyokuwa ndani ya duara. Waliofaulu kushuka walikuta ukuta umesimama wima kuliko walivyotarajia, na hawakuwa na ngazi za kuupanda. Juu yao zilishuka risasi, mabomu ya mkono, na matofali, yaleyale yaliyovunjwa na mizinga ya Kaskazini, yakirushwa kwa mikono. Mashua nyingine hazikufika kabisa ukutani. Waliokwama chini ya ukuta walijisalimisha.

Nyumbani kwetu wanafunzi watataka kulinganisha na Kalenga, na msiwakataze. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani chini ya gavana von Schele waliipiga kwa mizinga ngome ya Mkwawa na kuingia ndani. Waacheni watafute tofauti wenyewe: kule washambuliaji walikuja kwa miguu juu ya nchi kavu, na mizinga na askari walikuwa chini ya amri ya mtu mmoja. Lakini awepo wa kuwakumbusha kwamba Kalenga haikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ilikuwa nchi ya watu ikivamiwa na wageni, na katika darasa langu wamo ambao mababu zao walikuwa ndani ya ukuta ule. Ulinganisho uishie katika namna ya kushambulia ngome, usivuke hapo.

Kwa kazi ya kuandika, msiulize "kwa nini walishindwa", kwa sababu swali hilo hurudisha majibu ya ujasiri na uimara. Ulizeni hivi: "Taja saa ambayo shambulio lingeweza bado kuokolewa, na ueleze nani alipaswa kufanya nini saa hiyo." Aliyechagua saa saba usiku apewe alama chache, maana wakati huo hapakuwa na la kuokoa. Aliyechagua mchana wa tarehe 8, akaeleza kwamba mmoja angekubali afisa wa mwenzake aongoze ili mashua zote zitoke kabla maji hayajashuka, ameelewa. Yupo pia binti mmoja aliyechagua mwezi Aprili, akaandika kwamba Keokuk ilipozama walipaswa kubadili kitabu cha ishara kesho yake asubuhi, na huyo nilimpa alama zote bila kusita.

Wakimaliza, waambieni ngome iliishiaje, kwa sababu wataulizia. Ilipigwa tena mara nyingi kwa zaidi ya mwaka mmoja na haikuchukuliwa kwa shambulio. Jeshi la Jenerali Sherman wa Kaskazini lilipopita bara na kuzikata reli zilizoilisha Charleston, watetezi waliihama Fort Sumter usiku wa tarehe 17 Februari 1865, na asubuhi yake watu wa Kaskazini wakaingia kwa mashua bila kupigiwa risasi.

Udongo wa karai msiumwage. Ufungeni katika nailoni ukiwa na unyevu, utafaa tena mwakani.